Kiti cha Kuinukia

Ukitaka fundi Pindo aongee, mpe kitambaa. Akishakipapasa atakwambia kama kikifuliwa kitarudi kiwe kidogo, kama kitapauka, kama kitakukaa mabegani au kitakufanya uonekane umeazima shati la kaka yako. Nje ya hapo mdomo wake ulikuwa mzito, we acha tu. Mkewe alikuwa na uzoefu wa miaka arobaini wa kuyasubiri maneno yake machache yatoke, na mara nyingine yalipotoka chai ilikuwa imeshapoa.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Hakuna suruali wala gauni lililotoka mikononi mwake bila pindo la vidole vitatu kwa ndani. Mtu hurefuka, alikuwa akisema, mtu hunenepa, kitambaa nacho hurudi, kwa hiyo acha akiba. Walikuwepo vijana mtaani waliovaa suruali moja ya shule tangu darasa la tano mpaka wakaota ndevu, kila mwaka mama zao wanateremsha pindo kidogo. Jina likamganda, naye hakulikataa.

Alipozeeka alifunga kibanda chake cha ushonaji, akaihamishia cherehani chumba cha mbele cha nyumba yake, pale pale kwenye kochi na redio. Akawa anashona vitu vidogo vya majirani ili mikono isilale. Na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Asubuhi moja mkewe alitoka jikoni ameshika kikombe cha chai ya mumewe, akakanyaga kipande cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, kilichoachwa sakafuni. Bitana unaijua ilivyo laini. Mama wa watu akaenda chini kwa ubavu, na nyonga ikavunjika.

Alilazwa hospitali wiki tatu, akawekewa chuma. Aliporudi nyumbani alikuwa amerudi kweli, kwa maana ile wanayoitumia mafundi nguo: mabega yameingia ndani, gauni linaning'inia, hata uso umekuwa mdogo. Pindo alimtazama akishuka kwenye gari na ile fremu yake ya chuma ya kutembelea, akahesabu moyoni kwamba kila vazi la mkewe lingehitaji kupunguzwa vidole vinne kila upande. Akambebea mkoba.

Shida ilianza siku hiyo hiyo. Kutembea na fremu mama aliweza, taratibu. Kitanda walishakiinua kwa matofali, kwa hiyo kulala na kuamka kulikuwa na nafuu. Kazi ilikuwa kochi. Kochi lao lilikuwa limebonyea katikati kwa miaka mingi ya makalio ya familia, na mtu mzima mwenye afya akikaa humo ilimbidi ajipange kabla ya kutoka. Kiti cha plastiki walikijaribu, kikateleza kikataka kumwangusha tena. Madukani Pindo alizunguka siku nzima, akakuta viti vya siku hizi vyote ni vya kujitupa. Vya kuinukia hakuna. Na dada wa hospitali aliyemfundisha mama mazoezi alishaeleza bila kumumunya maneno: kiti kiwe kigumu, kiwe na mikono iliyotokeza mbele, na mahali pa kukalia pawe juu ya goti kwa vidole viwili. Mama akikaa chini sana nyonga inaweza kuchomoka. Akikaa kitandani kutwa nzima, miguu itasahau kazi.

Siku ya tatu Pindo alijitia ushujaa. Mkewe alikuwa amekwama kochini, naye akamshika kwapani amnyanyue. Mgongo wa mtu aliyeinamia cherehani maisha yake yote ukalia kak! Wakaenda kochini wote wawili, yeye chini, mkewe juu yake, na hakuna aliyeweza kutoka. Walikaa hivyo kama nusu saa, mpaka jirani yao seremala alipopita akawasikia wanaita. Huyu mtaa mzima ulimwita Msasa, kwa jinsi maneno yake yanavyokwaruza. Alisimama mlangoni akawatazama.

"Samahani shemeji," akasema, "nimeingia bila hodi. Sikujua mko faragha."

"Tuinue kwanza, utucheke baadaye!" mama akamjibu.

Habari ile ilimfikia binti yao, mwalimu katika mji mwingine, na Jumamosi akaja. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mpole lakini mwenye kichwa cha mwalimu, kinachopanga kila kitu kwa ratiba. Akalikagua kochi, akamkagua mama yake, akamkagua baba yake alivyojishika kiuno, kisha akakata shauri.

"Wiki mbili," alisema. "Jumamosi ya wiki mbili zijazo ninakuja na gari. Mama akiweza kukaa na kuinuka mwenyewe bila kushikwa na mtu, abaki. Asipoweza, naondoka naye akaishi kwangu. Baba, mimi siwezi kulala nikijua mtaangushana humu ndani."

Mama hakubisha. Alimgeukia mumewe. "Fundi, wewe unasemaje?"

Pindo alijikuna kidevu. Jibu lilikuwepo, kubwa tu, limekaa hapa kooni. Hakutaka aondoke. Nyumba bila yule mwanamke angeifanyia nini? Lakini alikiona kile kipande cha bitana sakafuni kila alipomtazama mguu, na neno likarudi chini.

"Nitaona cha kufanya," akasema.

Mkewe alimwangalia kidogo, kisha akamwomba binti amsogezee fremu.

Jumatatu watu wa umeme walipita mtaani wakikata matawi ya mikaratusi iliyogusa nyaya. Pindo alitoka nje na futikamba shingoni kama kawaida yake, maana hiyo aliivaa hata akienda kuoga. Akasimama mbele ya lundo la magogo akitafakari. Halafu akainama, akazungushia futikamba gogo moja kama anapima kiuno.

"Mzee," mmoja wao akamwita kutoka juu ya ngazi, "unalishonea suti?"

"Naomba hili," Pindo akajibu, "na hili, na yale mawili marefu."

"Chukua hata yote, unatupunguzia kazi!"

Aliyavuta nyumbani kwa toroli, safari nne. Alichokitafuta kwa muda mrefu zaidi ni mikono ya kiti. Alitaka matawi mawili yaliyopinda sawasawa, la kushoto na la kulia, kama mikono ya shati. Watu wa umeme walikula chakula chao cha mchana wakimtazama akiyalinganisha, akiyatupa, akichukua mengine, mpaka akapata jozi. Yalikuwa na mkunjo mpole unaoelekea mbele, mahali hasa ambapo mtu anayeinuka huweka viganja.

Msasa alikuja jioni akaikuta mizigo uani. Alipoambiwa ni ya nini akacheka mpaka akakohoa.

"Jirani, mimi niko hapa ukutani kwako na karakana nzima. Nipe siku mbili nimtengenezee shemeji kiti cha mbao zilizopigwa randa, kinang'aa. Wewe msumari unaujua wa kutundikia nguo tu."

"Nitatengeneza mwenyewe."

"Kwa nini ujitese?"

Pindo akazungushia futikamba gogo jingine. "Kitambaa nilikiacha mimi," akasema mwishoni. "Na kiti nitakitengeneza mimi."

Msasa alikwenda kwake, akarudi na msumeno, patasi mbili, nyundo ya mti na keekee ya kuzungusha kwa mkono, akaviweka chini bila utani wowote. Kwa Msasa hiyo ilikuwa hotuba.

Basi kazi ikaanza. Kwanza maganda. Mkaratusi mbichi ganda lake hubanduka vizuri ukishapata mahali pa kuanzia, na Pindo, mwenye vidole vilivyofumua mishono isiyohesabika, alipata pa kuanzia haraka. Alitaka kuyaacha kwenye mikono ya kiti kwa ajili ya urembo, Msasa akamkataza: ganda ukiliacha, wadudu wataingia wapigie ngoma humo ndani. Ncha za magogo akazipaka nta ya mshumaa zisipasuke. Fito za kuunganishia miguu hakuzikata kwenye miti ile mibichi. Msasa alimwelekeza azitoe kwenye banda la kuku la zamani lililoanguka nyuma ya nyumba, fito zilizopigwa jua miaka mingi zikawa kavu kabisa.

"Sikiliza," Msasa alisema, akichonga ncha ya ufito kwa kisu mpaka ikawa nyembamba. "Huu tunauita ulimi. Mguu unautoboa tundu kwa keekee, ulimi unaingia humo kwa kugongwa. Mguu ni mbichi, ulimi ni mkavu. Mguu unavyokauka unasinyaa, unaubana ulimi. Hutaki msumari wala gundi. Ukija mwakani kuuchomoa, utauvunja kwanza."

Pindo alisimama na ule ufito mkononi, macho yakamng'aa. "Kumbe mti nao hurudi!"

"Hurudi?"

"Kama kitambaa. Ukikifua."

Msasa akakubali kwamba ndiyo, unaweza kusema hivyo. Tangu hapo Pindo hakuhitaji kuelezwa tena. Alichonga ndimi zote kwa kisu, akajaribisha kila moja kwenye tundu lake, akaipunguza unywele, akajaribisha tena. Seremala wa kweli angemaliza asubuhi moja. Yeye zilimchukua siku mbili na nusu, na hakuna iliyocheza.

Mkewe alikuwa akimsikiliza kutoka dirisha la chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda chake cha matofali. Kila nyundo iliponyamaza ghafla aliuliza, "Umejigonga?" Naye alijibu, "Hapana," huku amekitia kidole mdomoni.

Sasa vipimo. Hapa nisimfiche, maana ndipo alipoharibu. Alimpima mkewe siku ya Jumanne kabla ya kukata miguu ya kiti, na alimpima vizuri sana, kama alivyopima watu maisha yake yote. Alimsubiri asimame koridoni kwenye fremu yake akifanya mazoezi, akapiga goti, akaweka futikamba gotini, akaishusha mpaka sakafuni. Mama alikuwa amevaa zile raba nene za mazoezi alizopewa hospitali. Sawa tu, mteja wa suruali hupimwa na viatu vyake, fundi gani hajui hilo? Akaongeza vidole viwili alivyosema dada wa mazoezi. Halafu, mkono ukifanya kazi wenyewe bila kumuuliza kichwa, akaongeza na vitatu.

Mahali pa kukalia alisuka kwa mikanda ya jinzi. Alikuwa na gunia zima la vipande vya suruali, akavikata, akavishona viwili viwili kwa cherehani, akavipitisha juu na chini kwenye fito nne za kiti akivivuta kwa nguvu. Kilipokamilika, Msasa alikikalia, akaruka ruka, akainuka, akakipiga kofi. Alitafuta la kukwaruza akalikosa.

"Hiki mimi sikiwezi," akasema.

Jumapili alasiri wakakiingiza chumba cha mbele. Kilikuwa kiti cha mti hasa, miguu mirefu minene yenye vifundo, mikono miwili iliyopinda mbele. Kilinukia mkaratusi nyumba nzima. Mama alikuja na fremu yake peku peku, maana sakafu ya nyumbani ni ya nyumbani. Akageuka, akarudi nyuma taratibu kama alivyofundishwa. Makalio yakakigusa kiti, lakini kukaa akashindwa. Ilibidi Pindo upande huu na Msasa upande ule wampandishe.

Akaketi. Akatazama chini. Miguu yake miwili ilikuwa inaelea hewani.

Akaichezesha, kushoto, kulia, kushoto.

"Fundi," akasema, "umenitengenezea kiti au umenipandisha mtini?"

Pindo alikuwa ameshainama anapima. Midomo yake ilitembea, vidole vikahesabu juu ya mguu wa kiti.

"Viwili vya soli," alinong'ona. "Nilikupima na raba. Na... na vitatu vya..."

"Vya nini?"

Masikio yakamwiva.

"Pindo!" mkewe akapiga ukelele. "Umeniwekea pindo! Kwenye kiti!"

"Niliachia akiba," akasema kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Akiba ya nini, bwana wewe? Nirefuke? Na miaka hii? Basi nipe na manati nifukuze ndege, maana nawaona vizuri kutoka huku!"

Msasa ndiye aliyeanza, akaegemea ukuta. Kisha mama mwenyewe, ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, miguu inaning'inia, akacheka mpaka machozi yakamtiririka, akasema jamani nyonga yangu, akacheka tena. Tangu arudi kutoka hospitali nyumba ile haikuwa imesikia kicheko chake, na Pindo, mwenye kosa, aliona haya na furaha kwa wakati mmoja. Alitamani waendelee hivyo hivyo mpaka jioni.

Msasa alipoondoka, mama alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Nipime upya," akasema. "Nimekaa. Peku."

Pindo alipiga goti sakafuni. Ndipo alipogundua kwamba tangu aanze ufundi hajawahi kumpima mtu aliyekaa. Watu wote aliowapima walikuwa wamesimama wima, wamevuta tumbo ndani, wamejitengeneza. Huyu alikuwa amekaa tu. Aliuweka mguu wa mkewe kiganjani, mguu wa peku uliopauka kwa siku za kitanda, mwepesi kuliko alivyotarajia, na kwa muda akasahau kilichomleta pale. Kisha akapima kutoka nyuma ya goti mpaka kisiginoni, akapima tena, na hakuongeza kitu isipokuwa vile viwili vya dada wa mazoezi.

"Fundi," mkewe akasema juu ya kichwa chake. "Na hiyo Jumamosi? Sijakusikia. Unasemaje?"

Alikuwa ameibana chaki midomoni. Angeweza kuitoa.

"Ngoja kwanza nimalize kiti," akasema kwa pembeni ya mdomo.

Mama akashusha pumzi. Hakuuliza tena siku ile.

Kupunguza miguu minne ya kiti si kupunguza miguu miwili ya suruali, hilo Pindo alilijua Jumatatu asubuhi. Alikata mmoja, akakata wa pili, kiti kikayumba. Akakata wa tatu kidogo zaidi, kikayumba upande wa pili. Angeendelea hivyo mama angeishia kukalia sakafu. Msasa alichungulia juu ya ukuta, akapiga yowe, akaruka kuja kumnyang'anya msumeno.

Walikiweka kiti juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, wakaipandisha ile miguu mifupi kwa vipande vyembamba vya mbao mpaka kikatulia. Msasa akachukua kipande cha ubao chenye unene uliobaki kukatwa, akakilaza sakafuni, akaweka penseli juu yake, akakizungusha kwenye kila mguu. Mstari ukajichora wenyewe kwa kimo kimoja pote.

"Sasa kata, ufuate mstari, usiufikirie," akasema.

Pindo alikata. Msasa alikaa juu ya toroli akimtazama, akasema, bila kukwaruza sana, "Shemeji anataka kuondoka?"

"Sijui."

"Umemuuliza?"

"Ananiuliza yeye mimi."

"Na unamwambiaje?"

Msumeno ukasimama. "Nina uso gani wa kumwambia abaki?" Pindo akasema. "Mimi ndiye niliyemvunja. Nikimwambia abaki nitakuwa najifikiria mimi tu. Kwa binti yetu kuna sakafu safi, kuna kochi jipya, kuna mtu mwenye mgongo. Kwangu kuna nini?"

"Una uso huo huo aliouzoea," Msasa akamjibu. "Mbaya, lakini ameuzoea."

Pindo alitikisa kichwa akaendelea kukata. Alishajipangia. Kiti ndicho kitakachosema. Mkewe akiinuka, atabaki, na hakuna atakayekuwa amemwomba.

Jumatano kiti kikatulia chini kwa miguu yote minne. Mama akajaribu kukaa, na safari hii nyayo zake zilifika sakafuni zote mbili, kisigino na kidole, na magoti yakakaa chini kidogo ya nyonga kama ilivyotakiwa. Aliviweka viganja juu ya ile mikono iliyopinda, akaipapasa. Pindo alisubiri ainuke. Hakuinuka.

"Nitajaribu Jumamosi mbele ya wote," alisema. "Nisichoke bure. Nenda karudishe vyombo vya watu."

Akaenda. Msasa alimweka huko muda mrefu akimwonyesha jinsi ya kunoa patasi, na aliporudi alimkuta mkewe ameketi vile vile, amejifunika khanga, anapumua haraka haraka kidogo. Alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Ijumaa mama akamwita chumbani. "Nipangie begi," akasema. "Mtoto akija asisubiri."

Mwenzangu, kuna kazi ngumu duniani, na ile ilikuwa mojawapo. Magauni yote yale aliyashona yeye. Hili la bluu alilishona mwaka ambao binti yao alimaliza chuo. Hili la maua lilikataa kukaa begani, likawagombanisha wiki nzima. Alikunja moja moja kama anavyojua yeye kukunja, mikono ndani, mabega sawa, bila kunyanzi. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake kipya mlangoni, anamtazama. Kila mara Pindo alipoinua macho aliyakuta ya mkewe yanasubiri.

"Na hili la bluu?" Pindo akauliza.

"Wewe unaonaje?"

Neno likaja mpaka kwenye meno. Akalishika gauni, akalinyoosha pindo kwa kidole gumba, vidole vitatu, mshono wake mwenyewe.

"Huko jioni kuna baridi," akasema. "Litakufaa."

"Basi weka," akasema mama, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Akaliweka. Akafunga zipu ya begi, akalibeba mpaka sebuleni, akaenda uani akasimama kwenye vumbi la msumeno bila kazi yoyote.

Binti alifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Aliingia na harufu ya safari, akawakumbatia, akakiona kiti. Alikizunguka. Akaigusa mikono yake, ile jozi ya kushoto na kulia, akapitisha kidole kwenye msuko wa jinzi.

"Baba, hiki umekitengeneza wewe? Kweli?"

"Msasa alinisaidia mstari," akasema Pindo.

Mwalimu akajikaza, maana ratiba ni ratiba. "Haya. Mama kaa, halafu uinuke. Hakuna kumshika. Baba, mikono nyuma."

Pindo akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Mama alikaa taratibu, vizuri. Akaiegesha fremu pembeni, mbali kidogo. Akaweka viganja mahali pake. Pindo alihesabu moyoni, mguu wa kushoto nyuma kidogo, kifua mbele, sukuma, yale yote ya dada wa mazoezi. Mgongo wake mwenyewe uliinuka kidogo kwa kumsaidia.

Mama akaondoa viganja, akavikunja mapajani.

"Siinuki," akasema.

Binti alichuchumaa mbele yake. "Umeshindwa, Mama? Si aibu. Tutaenda nyumbani, utapata nguvu..."

"Nimesema nimeshindwa? Nimesema siinuki. Kuna mtu humu ndani nimemuuliza swali mara tatu, hajanijibu. Ananipimia magogo, ananisukia jinzi, ananikunjia magauni. Anijibu kwanza."

Binti aligeuka akamtazama baba yake. Pindo aliitazama sakafu. Alitafuta kitambaa cha kushika, chaki, uzi, chochote, mikono ikakosa, na mwisho ikaning'inia tu pembeni.

"Mama," akasema. "Kwa mtoto utatunzwa vizuri kuliko hapa. Najua hilo. Sina haki ya kukuomba. Lakini umeniuliza." Akainua macho. "Usiende. Nyumba hii siijui bila wewe. Mimi mwenyewe sijijui. Tafadhali usiende."

Mama akaweka viganja kwenye mikono ya kiti. Akarudisha mguu nyuma kidogo, akapeleka kifua mbele, akasukuma, na akasimama. Hakutetemeka. Alisimama wima kabisa katikati ya sebule, bila fremu, bila mtu, akajinyoosha gauni.

"Mama!" binti akapiga kelele.

"Nainuka tangu Jumatano," mama akasema. "Akienda kwa Msasa naamka nakaa, naamka nakaa, mara kumi. Kiti hakina kosa." Kisha akamgeukia mumewe, macho yamejaa. "Ningeondoka, fundi. Nakwambia kweli. Ungenyamaza leo, ningepanda lile gari."

Binti alikuwa ameshakaa kwenye kochi lililobonyea, analia na kucheka, na kutoka hawezi. Pindo alivuka sebule hatua tatu akasimama mbele ya mkewe. Hakujua amshike wapi asimuumize, akamshika mkono.

"Usiende," akamwambia tena, na tena, ingawa hakuna aliyekuwa anakwenda popote.